Choo Kilikuwa Nje ya Mpaka

Mpimaji alipomaliza kazi na kukunja mitambo yake, ilidhihirika kwamba tangu niolewe Kashikishi, Zambia, nimekuwa nikilala kwenye ardhi ya serikali na kuoga kwenye ardhi ya kijiji. Nyumba yenyewe, ya matofali ya kuchoma na bati, ilikaa sawasawa ndani ya kiwanja. Jiko la nje, bafu, choo na uwanja wa mchanga tuliokuwa tukianikia chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa Mweru, vyote vilikuwa nje ya bikoni, vile vyuma vya kuonyesha mpaka. Mnunuzi, kijana anayepeleka samaki Kasumbalesa, alisimama kati ya ukuta wa nyuma na choo, akatazama huku na huku.

"Mama," akaniambia, "sasa mimi nanunua nyumba gani isiyo na choo?"

Lilikuwa swali la haki. Alikuwa ameshatoa arubuni, mimi nilikuwa nimeshawaambia wanangu kwamba nahamia Kitwe kwa binti yangu, na majirani walikuwa wameshaanza kuulizana nani atachukua kabati. Kumbe uuzaji wenyewe ulikuwa haujaanza.

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa. Si Kilwa ya pwani ya Tanzania, wala kisiwa cha Kilwa kilichoko ziwani mbele ya Nchelenge, bali mji wa Kilwa ulio ng'ambo, upande wa Katanga. Mwaka 1894 Waingereza na Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold walipatana mpaka upite ndani ya Mweru kwa namna ya kukiacha kisiwa kwa Waingereza. Mji wetu ukabaki Kongo, kisiwa kikawa cha Zambia, na jina moja likabaki pande zote mbili za maji. Mstari unaotoka Mweru kwenda ziwa Tanganyika ulibishaniwa muda mrefu hata Zambia na Zaire zikatia sahihi mapatano mwaka 1989, na mabishano hayakuishia hapo. Ikiwa dola zenye ramani na majeshi zilisumbuka hivyo, ua wa marehemu mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, una haki ya kusumbua kidogo.

Mume wangu alipata kiwanja kwa kansolo, yaani halmashauri. Alipeleka maombi, akaitwa kwenye usaili, kansolo ikampendekeza kwa Wizara ya Ardhi, na baadaye ikaja barua ya kumgawia, kisha hati. Hati ile ilikuwa ya miaka 14. Wengi huku wanazo za aina hiyo na hawajui kwa nini yao ni ya miaka 14 na ya jirani ni ya miaka 99. Sababu ni mchoro. Kiwanja kilichochorwa kwa makadirio tu, bila mpimaji kusimika bikoni na ramani yake kuidhinishwa na Mpimaji Mkuu wa Serikali, hupewa ile fupi. Kikishapimwa kikamilifu ndipo hutoka ile ndefu. Maana yake ni kwamba mtu mwenye hati ya miaka 14 ana karatasi inayosema ana ardhi, lakini ardhi hiyo inaishia wapi hasa bado haijasemwa na mtu yeyote mwenye mamlaka ya kusema.

Sisi tulijisemea wenyewe. Upande wa barabara tulikuwa na ua wa mkonge. Upande wa ziwa hatukuwa na kitu, kwa sababu ziwa ni ziwa. Mwenye kijiji wa wakati ule alimwambia mume wangu, "Mwalimu, jisogeze tu hadi pale penye mchanga, mkeo apate pa kuanika." Akajisogeza. Jiko likajengwa, kisha bafu, kisha choo, na mimi nikaanza biashara. Yeyote aliyewahi kuishi pwani ya Mweru anajua uwanja wa mchanga ulio tambarare, karibu na maji na mbali na mbuzi, una thamani gani. Chisense huvuliwa usiku kwa taa, hufika asubuhi, na jua la siku moja likiwakosa wanaoza. Wanawake walinilipa kwa bakuli kutumia uwanja ule. Watoto wangu walisoma kwa bakuli hizo zaidi ya mshahara wa baba yao, ingawa sikuwahi kumwambia.

Kwa hiyo mnunuzi hakuwa akililia choo. Choo kinachimbwa kwa wiki. Alikuwa akililia uwanja.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe nilielezwa na karani mmoja mstaafu, nikiwa nimekaa kibarazani kwake na faili langu mapajani. Zambia, ardhi yote iko mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya mwaka 1995. Chini ya paa hilo moja kuna vyumba viwili. Kimoja ni ardhi ya serikali, inayomilikiwa kwa hati ya kukodi. Kingine ni ardhi ya kimila, inayogawiwa na wenye vijiji na machifu. Nchelenge na Kashikishi vyumba hivi havina hata mlango katikati. Unatoka kwenye kiwanja chenye namba, unaruka mtaro wa maji machafu, umeshaingia kijijini.

Nikadhani basi tofauti ni ya karatasi tu. Karani akaniuliza, "Marehemu aliacha wosia?" Nikasema hapana. Akavua miwani.

Mtu akifa Zambia bila wosia, mali yake hugawanywa kwa sheria ya mwaka 1989: watoto asilimia 50, mjane 20, wazazi wa marehemu 20, na wategemezi wengine 10. Nyumba ya kuishi ni ya mjane na watoto kwa pamoja, na mjane ana haki ya kuikalia maisha yake yote, mradi asiolewe tena. Hiyo ni sheria nzuri, na wajane wengi wa mkoa wetu wa Luapula waliokuwa wakifukuzwa na godoro moja wanaijua kwa moyo. Lakini sheria hiyohiyo inasema, karibu mwanzoni kabisa, kwamba haigusi ardhi ambayo marehemu aliipata na kuishikilia kimila. Hiyo inarudi kwenye mila.

Na mila za bonde la Luapula kwa sehemu kubwa hufuata tumbo la mama. Alichokishika mwanamume kutoka kijijini huelekea kwa ndugu zake wa tumbo moja na kwa watoto wa dada zake. Kwa hiyo zile hatua chache kati ya ukuta wangu wa nyuma na choo hazikuwa suala la futi na mita. Ndani ya bikoni warithi ni mimi na wanangu. Nje ya bikoni warithi ni wapwa wa mume wangu. Mpimaji alipopigilia chuma chake ardhini hakuonyesha tu kiwanja kinaishia wapi. Alionyesha sheria moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, na mimi nilikuwa nimejenga jiko juu ya ya pili.

Ndiyo maana nawaambia watu: usitaje bei kabla hujapita mpakani kwa miguu, ukiwa na majirani wa pande zote na mtu mmoja mzee kuliko karatasi zako. Bei ikishatajwa, kila hatua ya ardhi ina pesa juu yake na hakuna anayekumbuka tena bila kupiga hesabu. Jirani ambaye jana angekuonyesha bikoni kwa kidole, leo atakuambia anaumwa mgongo.

Siku ya kupima tulikuwa na bahati, kwa sababu mpimaji alikuja wakati wa kiangazi. Mvua zikishaanza, karibu Novemba, njia ya bondeni kutoka Mansa kupitia Mwense na Mwansabombwe ni ndefu kuliko kilomita zake, na nyasi zinapanda hata bikoni haionekani ukiikanyaga. Alitafuta alama za zamani zilizowekwa viwanja vya jirani vilipopimwa. Moja ilikuwa chini ya rundo la matofali. Nyingine ilikuwa imeng'olewa, na kuing'oa bikoni ni kosa la jinai, lakini chuma ni chuma na watu wanahitaji vyuma. Ya tatu ilikuwa mahali pake, ndani ya ua wa jirani yangu wa kaskazini, kumaanisha kwamba mkonge wake ulikuwa umehamia kwangu kidogokidogo, mwaka hadi mwaka, bila mtu yeyote kuusukuma. Yule jirani alisimama kimya kabisa. Kisha akasema, "Mkonge huzaa." Tulicheka wote, na kicheko kile kiliniokolea kesi. Alivuna mihogo yake, akatia sahihi karatasi ya kukubali mstari mpya, yakaisha.

Upande wa ziwa hayakuisha kwa kicheko.

Tulikutana chini ya mwembe wa mwenye kijiji, ambaye sasa ni mpwa wa yule aliyemruhusu mume wangu kujisogeza. Walikuja wapwa wa marehemu, mama mkwe wangu aliletwa kwa baiskeli, mwanangu wa kwanza alikuwepo kwa sababu mahakama ilikuwa imetuteua mimi na yeye kuwa wasimamizi wa mirathi, na mnunuzi alikaa pembeni kwenye kigoda, akiwa ameelekezwa asiseme kitu.

Mpwa mkubwa alianza kwa heshima. "Mama, hatuna ugomvi na wewe. Jiko mlijenga wewe na mjomba, na mjomba alitusomesha sisi pia. Lakini huwezi kuuza mchanga."

"Sijasema nauza mchanga," nikamjibu. "Nauza bati na matofali yaliyo juu yake. Mchanga mtaniambia ninyi ni wa nani."

Ndipo likatoka daftari. Mume wangu alikuwa mwalimu, aliandika kila kitu. Ukurasa mmoja wa daftari la shule ulisema kwamba amempa mwenye kijiji K50,000 kwa ajili ya uwanja, na chini yake kulikuwa na dole gumba la wino. Mnunuzi akasahau maelekezo yake, akaruka kutoka kwenye kigoda: elfu hamsini si zawadi, hiyo ni bei, ardhi ilinunuliwa! Vijana wawili wa upande wangu nao wakaitikia. Mwenye kijiji akalichukua daftari, akalisogeza mbali na macho, akauliza tarehe. Ilikuwa ya kabla ya mwaka 2013. Tarehe 1 Januari mwaka ule Zambia iliondoa sufuri tatu kwenye kwacha, na kila K1,000 ya zamani ikawa K1. Elfu hamsini za daftari ni kwacha hamsini za leo. Hata kabla ya sufuri kuondolewa, hakuna aliyenunua kiwanja ufukweni kwa pesa ile. Ilikuwa shukrani, kama desturi inavyotaka, na wazee wote pale walilijua hilo kabla daftari halijafunguliwa. Nyaraka za zamani mkizishika, tazameni tarehe kabla ya kutazama namba.

Mnunuzi alikuwa na wazo lingine, na si yeye wa kwanza kuwa nalo. Kwa nini tusiigeuze ile sehemu iwe ya hati? Sheria inaruhusu: mwenye kushika ardhi ya kimila anaweza kuomba ibadilishwe iwe ya kukodi, chifu akikubali, kansolo ikipitisha, Wizara ikitoa. Nilikataa kabla wapwa hawajakataa. Kwanza, sheria inataka kila ambaye maslahi yake yataguswa aulizwe, na hapa wa kuulizwa walikuwa mbele yangu wamekunja mikono. Pili, safari hiyo ina vituo vingi kuliko ya nyumba yenyewe, na mimi nilitaka kufika Kitwe nikiwa bado natembea. Tatu, na hili ni maoni yangu tu, ardhi ya kijiji ikishageuzwa kuwa ya hati sijaona ikirudi. Nimeona fukwe zikienda hivyo kipande kwa kipande, na wanawake wa chisense wakisukumwa hadi wanaanika juu ya vyandarua pembeni mwa barabara.

Uamuzi wa mwembeni ulikuwa huu. Uwanja ni wa ukoo. Jiko, bafu na choo, kama majengo, ni mali ya mirathi, na mnunuzi atavitumia hadi atakapojenga vyake ndani ya bikoni, kisha bati ni lake na mahali panarudi kwa ukoo. Akitaka kuanika, ataelewana na wapwa mwenyewe, kwa kodi yao, bila mimi. Tuliandika, tukachora, tukapima kwa kamba kutoka kona ya nyumba na kutoka mwembe, wakatia sahihi wote pamoja na majirani. Bei ya nyumba ikashuka. Ilipungua kwa thamani ya uwanja ambao haukuwa wangu, kwa hiyo sikuhesabu kuwa ni hasara. Wanangu walihesabu tofauti.

Kuhusu ufukwe wenyewe, niongeze neno kwa wanaotoka mbali wakiota nyumba ya ziwani. Maji ya Mweru hupanda na kushuka kila mwaka, kwa wastani kama mita 1.7. Hufika juu kabisa karibu na Mei na kuwa chini kabisa karibu na Januari. Mita 1.7 kwenda juu si kitu, lakini kwenye mchanga tambarare ni hatua nyingi sana za kwenda mbele. Anayekuja kutazama nyumba Januari huonyeshwa uwanja mpana wa kupendeza. Arudi Mei aone umebaki upi. Na asikubali kamwe karatasi inayosema mpaka ni "hadi majini," maana maji hayakutia sahihi.

Sasa kuhusu ucheleweshaji. Watu hulaumu ofisi, na ofisi zinastahili sehemu yao. Kuna moja, sitaitaja, ambako faili letu lilipotea likapatikana likiwa limeshikilia mlango usifungwe na upepo. Lakini huku kwetu mchelewaji mkubwa ni kalenda ya samaki. Kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Miezi hiyo pesa hupotea Kashikishi nzima. Ni wakati huohuo wa ada za shule Januari, na wa mvua. Mnunuzi aliponiambia atalipa nusu ya pili "mwezi wa kwanza," nilimuuliza atavua nini mwezi wa kwanza. Alicheka, lakini hakuwa na jibu. Mfanyabiashara wa samaki anayeahidi kulipa Januari hana nia mbaya. Anahesabu tu mwezi kama watu wa Lusaka.

Basi mkataba wetu haukufungwa kwa tarehe. Mwanasheria aliyetuandikia, wa mjini Mansa, alishangaa kidogo lakini akakubali: fungu la kwanza siku ya kutia sahihi, la pili ramani ya upimaji itakapoidhinishwa, la mwisho idhini ya serikali itakapotoka. Tuliweka pia ukomo, kwamba fungu la mwisho lisivuke mwisho wa Aprili, wavuvi wakiwa wamesharudi majini na pesa zimeanza kutembea. Na tuliweka sharti kwamba kipimo kikitofautiana na maelezo yangu, bei itarekebishwa, mkataba hautavunjika. Bila sharti hilo, siku ile ya choo kila mtu angerudi kwao na lawama yake.

Idhini niliyoitaja ndiyo inayowashangaza wengi. Huwezi kuuza ardhi ya hati Zambia bila ruhusa ya Rais, ambayo kwa vitendo hutolewa na Wizara ya Ardhi. Sheria imeweka kinga kwa muuzaji: ombi likikaa siku 45 bila jibu, huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Likikataliwa, sababu lazima zitolewe, na una siku 30 za kukata rufaa kwenye Baraza la Ardhi. Kwa hiyo siku unayopeleka ombi, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa tarehe. Bila muhuri, siku 45 hazina pa kuanzia. Wenzetu wa Kenya wana kitu kinachofanana kwa mashamba, bodi ya udhibiti wa ardhi, ila huko saa inawageukia muuzaji na mnunuzi: wasipoomba ndani ya miezi 6 tangu wapatane, mapatano yao yanaporomoka.

Kabla ya idhini utaulizwa kodi ya ardhi ya kila mwaka, na hapa nyumba nyingi za marehemu hukwama, maana marehemu halipi na warithi hawajui kwamba kuna deni. Baada ya idhini inakuja kodi ya uhamisho wa mali, kwa Mamlaka ya Mapato. Hiyo ni ya muuzaji, si ya mnunuzi, na ni asilimia ya thamani ya nyumba. Bajeti hubadilisha kiwango, kwa hiyo kiulize kabla ya kutaja bei. Mamlaka inaweza pia kutazama thamani ya soko badala ya bei mliyoandika, kwa hiyo ule ujanja wa kuandika bei ndogo kwenye mkataba mara nyingi humrudia mwandishi wake. Kisha hati ya kuhamisha husajiliwa, na iliyotiwa sahihi mbali na mahali pa usajili, kama hapa kwetu, ina siku 90. Ikipita muda huo bila kusajiliwa ni batili, labda mahakama iongeze muda. Nimewaona watu Nchelenge wanaoishi kwa raha katika nyumba "walizonunua," wana karatasi yenye mihuri, na kisheria hawajanunua kitu.

Kwa mali ya mirathi kuna kituo kimoja zaidi, tena cha mwanzo. Msimamizi wa mirathi hauzi kwa sababu tu ameteuliwa. Anahitaji kibali cha mahakama cha kuuza, na mahakama hutaka kujua kwa nini na warithi wanasemaje. Mwanangu mmoja yuko Lubumbashi, na sahihi yake ilisafiri kuliko mimi. Anzeni na hilo, maana mnunuzi anaweza kusubiri mpimaji akimwona kwa macho, lakini hana subira na mtoto aliye nchi nyingine.

Nimeulizwa pia na ndugu zangu wa Kongo waliovuka kutoka Pweto na Moba, ambao wengi wako kambi ya wakimbizi ya Mantapala tangu mwaka 2018, kama mgeni anaweza kununua. Sheria ya 1995 imewafungia wasio Wazambia mlango ila kwa matundu maalum: mkazi wa kudumu, mwekezaji, mwenye idhini ya Rais kwa maandishi, na wengine wachache. Kupanga kwa muda usiozidi miaka 5 kunaruhusiwa. Kurithi kunaruhusiwa pia, na hilo ndilo lililonilinda mimi, mzaliwa wa ng'ambo, pale shemeji mmoja alipouliza kwa sauti kubwa mwembeni kama Mkongo ana neno katika ardhi ya Zambia. Mama mkwe alimjibu kabla yangu. Sitaandika alichosema.

Na wakati haya yote yanasubiriwa, kaeni ndani ya nyumba au muweke mtu. Nyumba ikijulikana inauzwa na inaonekana tupu, watu huiona haina mwenyewe. Nilipokwenda Kitwe kumwona binti yangu nilirudi nikakuta tuta jipya la mihogo upande ambao tulikuwa tumekwisha kuuwekea sahihi. Jirani yangu aliniambia hajui nani amelima. Mkonge huzaa, nikamwambia. Aliling'oa jioni ileile.

Idhini ilitoka, kodi ikalipwa, na fungu la mwisho likaingia benki mvua zikiwa zinaelekea ukingoni. Mirathi tuligawa mbele ya mama mkwe, yeye akapokea sehemu yake ya mzazi na kuihesabu mara mbili. Mnunuzi amechimba choo kipya ndani ya bikoni, kona ya kaskazini. Uvuvi ulipofunguliwa Machi aliwaendea wapwa kuhusu uwanja. Wao wanataka kodi ya mwaka mzima, yeye anataka kulipa miezi ya uvuvi tu, na kila upande umenipigia simu nitoe ushahidi wa jinsi sisi tulivyokuwa tukifanya. Nimewaambia wote wawili kwamba sisi tulikuwa tukilipwa kwa bakuli.